Nguruwe wa Mheshimiwa Lupeti

Palikuwa na mheshimiwa mmoja katika visiwa vya Motuhanga, huko Pasifiki, aliyedai alipwe nguruwe aliyekwisha kuliwa. Jina lake Lupeti. Alikuwa mbunge miaka mingi, hata kiti cha bungeni kikachukua umbo la makalio yake.

Kabla ya uchaguzi alipeleka nguruwe dume katika kijiji cha Hatai. Seluvaia, mjane msuka mikeka, akampokea kwa niaba ya wenzake, akaahidi kura zote za kijiji. Watu wakala, wakalamba vidole. Siku ya kuhesabu, sanduku la Hatai likafika mjini kwa boti, likafunguliwa. Lupeti hakuwa na hata kura moja. Ubunge ukaenda zake.

Akamshtaki Seluvaia. Kwa kuwa nguruwe hawezi kurudi, alisema, apewe shamba la magimbi la mjane huyo. Shamba lenyewe ndilo lililomlisha Seluvaia na wajukuu zake. Hakuwa na jingine. Na hakimu? Shemeji yake Lupeti. Alikuja na hukumu mfukoni.

"Nguruwe wangu ulimla?" Lupeti akafoka.

"Nilimla, Mheshimiwa. Mgumu kidogo, lakini alishuka."

"Na kura uliahidi?"

"Niliahidi."

"Shemeji, umesikia! Shamba langu hilo!"

"Polepole, baba," akasema Seluvaia. "Nina swali dogo tu. Ile barabara ya lami, ya Hatai mpaka mjini, uliyokuwa ukiitangaza redioni, ipo au haipo?"

Lupeti akageuka. Waandishi wa habari walijaa kwenye mabenchi, kalamu tayari. Fedha za barabara hiyo alizipokea yeye, na ghorofa lake jipya lilionekana pale dirishani.

"Ipo!" akasema. "Lami nyeusi tii!"

"Na daraja lake?"

"Lipo! La zege!"

"Lori linapita?"

"Hata mawili, yakipishana!"

"Mheshimiwa hakimu, umesikia?"

Hakimu akaitikia kwa kichwa. Angefanyaje?

"Basi yamekwisha," akasema Seluvaia. "Mpinzani wako, maskini, hana barabara. Kura zake tulizipandisha boti, zikafika. Zako, kwa heshima yako, tulizipakia kwenye lori, zikashika lami. Kama mpaka leo hazijafika, baba, nenda kazisubiri pale darajani."