Nondo wa Chungu cha Holo

Sogeeni, wajukuu zangu, maana sauti yangu imechakaa. Ilikuwa kale, kale ya kale, ambayo hata babu wa babu yangu aliisikia tu. Palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na mwanamke, jina lake Holo. Mumewe alikufa. Akabaki na mtoto mmoja, Limi. Limi naye akafa, homa ya siku tatu tu. Holo akamzika ukingoni mwa shamba lake la viazi vitamu.

Mwaka huo mtama ulikauka wote. Kijiji kizima kikawa kinategemea viazi. Basi wakaja viwavi. Wanene, wanene kama hiki kidole gumba changu, na kila mmoja ana pembe mkiani. Wakala majani, wakala, wakala, hata vikabaki vikonyo vitupu. Na mnajua walianzia wapi? Shambani kwa Holo.

Mtemi akamwita mbele ya watu.

"Holo, wanasema wadudu hawa wanatoka kaburini kwa mwanao."

"Mtemi, ningeijua njia ya kutoa kitu kaburini, ningemtoa mwanangu, si mdudu."

Watu wakaanza kunong'onezana.

"Nimewaona wakijifukia ardhini," akasema Holo. "Nipe muda nijue wanafuata nini huko."

Mtemi akampa mpaka mwezi mwingine uandame.

Holo akajaza udongo kwenye chungu, akamtia kiwavi mmoja mnene. Kiwavi akazama. Baada ya siku kadhaa akafukua kwa kidole, akakuta kitu cha kahawia, kigumu, kina mkono uliopinda kama wa birika. Wifi yake Nyanzala, dada wa marehemu mumewe, alikuwa amekuja kutazama.

"Wifi, si kimekufa hiki?"

"Kiguse."

Nyanzala akakigusa. Kikajipinda mkia.

Holo akakaa na chungu kile kila siku, wanangu, kama mtu anayeuguza. Siku kilipogeuka cheusi, akawaita watu, na Mtemi akaja. Jua linatua, udongo ukapasuka. Akatoka nondo, amelowa, mbawa zimekunjamana. Akapanda kijiti, akaning'inia, mbawa zikanyooka polepole, rangi ya jivu.

"Huyu ndiye mama wa viwavi," akasema Holo. "Anataga kwenye majani. Tuokote mayai, tufukue matuta, tutapona."

Nondo akaruka juu ya vichwa vyao. Mzee mmoja akasema, "Ametia mdudu, ametoa ndege. Mchawi ni nani, kama si huyu?"

Mtemi akawatazama watu wake. Walikuwa na njaa, na mwenye njaa hutafuta wa kumlaumu. Akasema kwa sauti ya chini, "Holo, ondoka."

Holo akamgeukia Nyanzala, aliyeona yote tangu mwanzo. Nyanzala akainamisha macho. Holo akapita kaburini kwa Limi, akasimama kidogo, akaenda zake.

Msimu uliofuata nondo wakarudi. Nyanzala akawaona jioni wakitua kwenye viazi vyake, yai moja hapa, yai moja pale, madogo kama ulezi. Akayaokota. Akafukua matuta, akaviponda vile vya kahawia. Shamba lake likapona, ya wenzake yakaliwa.

Mtemi akauliza, "Nani alikufundisha?"

"Holo," akasema. "Siku ile nilijua, nikanyamaza."

Wakatumwa watu kumrudisha Holo. Katika kijiji cha ng'ambo ya mto wakaambiwa, "Alifika hapa. Lakini sifa ya uchawi ilimtangulia, hakuna aliyemfungulia mlango. Tulimkuta asubuhi ya nne chini ya ghala, amekufa."

Nyanzala alizeeka na kijiji kikashiba viazi. Lakini tangu siku ile hakuna aliyemsikia akicheka.

Wanangu, anayesingizia ana dhambi yake. Anayeujua ukweli akainamisha macho, naye ana yake, na ya huyu ni nzito kubeba.

Mzigo wa kisa nimeutua hapa. Atakayeuokota, asiupunguze.