Kengele Yenye Jina la Kadzo

Sogeeni. Kisa hiki kiliwashinda wazee wa kanisa. Labda nyinyi mtakiweza.

Zamani, katika misheni ya Wamethodisti pale Mwamtsefu, walikuwapo watu watatu. Nyevu alijaliwa kuomba mpaka walio karibu naye wakalia. Tsuma, mkalimani, alijaliwa kushika maneno. Hakudondosha hata moja. Pasta Harwood alijaliwa kusema mbele ya wakubwa bila kutetemeka.

Siku hizo serikali ya Waingereza ililazimisha wanawake kuvunja mawe ya barabara, hata wanaonyonyesha. Kitoto cha Nyevu kilifia huko, hakijapewa jina.

Nyevu akalitoa neno. Katika darasa, kile kikundi cha waumini wachache wanaofunguliana mioyo, na ya humo hayatoki nje, aliomba: "Bwana, mpokee Kadzo wangu." Jina hilo hata mumewe hakuwa amelisikia.

Tsuma akalivusha neno. Pasta alikuwamo darasani na lugha ilimpiga chenga, basi Tsuma akamfasiria yote, na jina pia. Alijiambia mkalimani hachagui.

Pasta akalisafirisha neno. Alipokuwa akifunga mizigo kwenda likizo kwao Uingereza, Tsuma alimuuliza, "Pasta, jina si lingebaki huku?"

"Nikiwaambia watu wa kwetu 'mama mmoja', Tsuma, watatikisa vichwa wakanywe chai. Nikisema Kadzo, hawatalala."

Kweli hawakulala. Walipiga kelele mpaka amri ikatoka: wanawake wasilazimishwe tena. Akina mama wakarudi nyumbani na watoto wao mgongoni.

Kisha ikaja kengele, zawadi ya wale waliosikia. Ubavuni imeandikwa KADZO.

Wazee wakasema aivute kwanza aliyestahili heshima.

"Pasta. Ndiye aliyesema."

"Angesema nini bila Tsuma?"

"Na Tsuma angefasiri nini?" akadakia Mama Mbeyu, mmoja wa waliorudi kutoka barabarani. "Mwenye kidonda mmeshamsahau?"

Tsuma akaenda kwa Nyevu, ambaye tangu kengele ifike hakuonekana darasani. Alimkuta akichambua mchicha.

"Dada Nyevu, njoo uivute wewe."

"Mwanangu nilimtaja kwa Mungu, ndugu Tsuma. Sasa mtamtaja kila Jumapili, mpaka wapita njia wasikie?"

"Watoto wa wenzako wako hai kwa ajili yake."

"Najua. Wa Mama Mbeyu nilimbeba jana." Akachambua jani moja, jingine. "Ndiyo maana siwezi kuwaambia muishushe. Wala siwezi kuisikia."

Tsuma akarudi kanisani. Watu wamesimama na nguo zao za ibada, kamba inaning'inia, Pasta ameinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza Tsuma akatamani lau angalidondosha neno moja maishani mwake.

Haya. Mmoja alitoa, mmoja akavusha, mmoja akasafirisha. Ukimwondoa yeyote, akina mama wangali barabarani. Kamba ni ya nani? Au kengele inyamaze? Wewe ungekuwa Tsuma, kanisa zima likikutazama, mkono wako ungeupeleka wapi?