Mgeni Aliyekula Ndani ya Ukuta

"Umebomoa tena! Jana nimekandika, leo umekwisha kuchimba. Wewe ni ndugu yangu au ni panya?"

"Panya ni mama yako," Mbonea akajibu, akasahau kwamba mama yao ni mmoja. "Nani aliniita? Si wewe? Tangu lini mimi nikashika mtaimbo bila kuitwa?"

"Sikukuita mara saba kwa wiki moja!"

"Umeniita, Kazeni. Tena kwa kelele."

Namkunda aliwasikia kutoka jikoni, akaweka mwiko chini. Mwanamke huyu alikuwa na nyumba ya mawe na udongo juu mlimani, na ndugu hao wawili ndio walioitunza tangu alipokuwa msichana. Kazi ya Mbonea ilikuwa kubomoa kipande cha ukuta kilichochoka. Kazi ya Kazeni ilikuwa kujenga upya pale pale. Kazeni ndiye aliyeona uchovu wa ukuta na kumwita nduguye. Mbonea hakuwa mtu wa kuuliza. Akiitwa, hubomoa. Hivyo nyumba ilizaliwa upya kidogo kidogo, na miaka yote hiyo Namkunda hakuwahi kuwasikia wakigombana.

Tena walikuwa na desturi yao. Kila Kazeni alipojenga, alifunga konzi ya ulezi katika jani kavu la mgomba, akaificha kati ya mawe, kisha akakandika juu yake. Miaka ikipita, Mbonea akibomoa pale, ulezi ule ulitoka, Kazeni akapika uji, akanywa, akapata nguvu ya kujenga tena. Ukuta wenyewe ulimlisha mjenzi wake.

Sasa mawe yalianguka kila siku, na Kazeni alikuwa amekonda. Namkunda aliutazama ukuta wa nyuma, ule uliobeba paa. Ulikuwa umepinda. Usiku ulilia. Mwanzoni alijiambia kwamba nyumba imezeeka, kwamba hata yeye mgongo unamuuma kwa kubeba kuni. Lakini siku hiyo alitia mkono katika ufa, mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko. Akajua kwamba paa likishuka litamkuta ndani.

Akamwita Nakijwa, mwanamke wa kijiji cha pili aliyejua kupima nyumba. Nakijwa alipita akigonga kuta kwa fimbo na kutega sikio. Akagonga, akasikiliza, akagonga tena. Ndugu wawili walimfuata nyuma, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole.

"Mfukuze huyu mbomoaji," alisema Kazeni.

"Mfukuze huyu mpiga kelele," alisema Mbonea.

Nakijwa akasimama mbele ya ukuta wa nyuma. "Mbomoaji hana kosa," alisema, "na mjenzi hana kosa. Humu ndani kuna anayekula."

Hapo Namkunda akakaa chini, maana alimkumbuka mgeni.

Miaka sita nyuma, mgeni mmoja aliingia katika chumba chake cha maziwa. Alikuwa mdogo, hakuomba chakula, hakumuumiza mtu, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Alipoanza kuvimba ndipo watu wakashtuka. Chumba cha maziwa kikavunjwa, mgeni akatolewa pamoja na mawe yake, majirani wakapiga vigelegele. Namkunda alilia kwa ajili ya chumba kile, kisha akafuta machozi akaendelea kuishi. Lakini mfereji wa maji ulipita katika chumba kile kabla ya kuzunguka nyumba nzima, na mgeni alikuwa ametupa watoto wake majini. Wengi walikufa njiani. Mmoja alijibanza ndani ya ukuta wa nyuma, akawa mgeni mpya, akalala kimya miaka mingi.

Alipoamka aliona njaa, akanusa ulezi. Hakuwa na mtaimbo wala nguvu za kuvunja jiwe. Basi akajifunza sauti ya nyumba. Alimnong'oneza Kazeni, "Hapa pamechoka, mwite ndugu yako," na Kazeni, aliyezoea kuitii nyumba yake, akaita. Mbonea akabomoa. Ulezi ukamwagika, mgeni akala kabla mjenzi hajainama kuokota. Aliposhiba alikua, na alipokua sauti yake ikaongezeka. Kadiri ukuta ulivyovunjwa ndivyo alivyopata chakula, na kadiri alivyopata chakula ndivyo ukuta ulivyovunjwa.

Nyumba ile ni mwili wa mama. Chumba cha maziwa ni titi lake, kuta ni mifupa yake, mfereji ni damu yake, na mgeni ni saratani. Mbonea na Kazeni, mbomoaji na mjenzi wa mifupa, wamo ndani ya kila mmoja wetu, wanafanya kazi hata sasa, na hatujawahi kuwaambia ahsante.

Nakijwa hakuahidi kumtoa mgeni. Alisema ameshashikamana na mawe, na anayemng'oa kwa nguvu atang'oa nyumba. Alifanya mambo mawili. Mferejini alitia dawa chungu ya kumdhoofisha mgeni, dawa iliyonyausha hata maua ya uani. Kisha akamwomba Mbonea mtaimbo, akauweka juu darini.

"Nitafanya nini sasa?" Mbonea aliuliza. Alikuwa karibu kulia.

"Utaketi. Kazeni akikuita, mwache aite."

Mgeni aliita siku nyingi. Kazeni akayarudia maneno yake kwa nduguye, "Amka, pamechoka," na Mbonea akatikisa kichwa, mikono mitupu magotini. Ulezi ukabaki ndani ya mawe. Mgeni hakufa, lakini alikosa chakula, na sauti yake ikashuka. Ukuta haukunyooka tena, ila uliacha kupinda. Kazeni alisimamisha nguzo mbili za mti mgumu, akaziba nyufa alizoweza kuziba.

Mvua za masika ziliponyesha, paa lilikuwa juu. Namkunda alihesabu kwa vidole vitu alivyoviona tangu siku ile: maharage yameiva, mwanawe wa kike ameposwa, mbuzi amezaa mapacha. Akapika chungu kikubwa cha makande, akawaita majirani waje kushukuru pamoja naye. Wakaja, wakakaa kati ya zile nguzo, wakala. Mbonea na Kazeni walikula sahani moja wakinyang'anyana kipande cha nyama.

Mama Sefania peke yake, jirani wa mtaa wa chini, alibaki nje kwenye kizingiti, kanga kichwani, mvua ikimpiga mgongoni. Aliutazama ukuta uliopinda.

"Namkunda dada yangu," alisema, "unashukuru nini na mgeni bado yumo?"

Namkunda alijifuta mikono, akaenda mpaka mlangoni, akampa sahani.

"Nashukuru paa hili, ambalo lingekuwa limenifunika, na leo limewafunika watu ishirini wanaokula. Mgeni nalala naye na chakula kinapita kooni. Sasa wewe utaingia ule, au utasimama hapo unyeshewe, ukimwogopa kuliko ninavyomwogopa mimi?"