Chipu Mbili za Wodi ya Watoto Njiti

Sikilizeni kesi hii, maana aliyepewa kuiamua imemlemea.

Kwenye karakana moja jijini Mbeya walikuwapo mafundi watatu wa elektroniki. Ambakisye alikuwa na jicho la kuona kilichozidi. Sekela alijua kukipanga kila kitu mahali pake. Lusajo hakuamini jambo mpaka alijaribu mwenyewe. Mkuu wao, Mama Atupele, aliwajua hivyo na kuwapenda hivyo hivyo.

Mwezi wa saba, kifaa cha kufuatilia pumzi za watoto njiti kiliungua katika hospitali ya jirani. Wauguzi wawili wakabaki kulinda vitanda vinane kwa macho. Mama Atupele akaahidi kifaa kipya ndani ya wiki mbili. Saketi ilishachorwa, ilibaki kuiingiza kwenye chipu za kupangika, zile zinazotoka kiwandani hazina kazi, fundi ndiye huziamuru ziwe nini. Stoo zilikuwapo chipu mbili tu, kila moja ina vyumba sitini na vinne vya mantiki, yaani vijisehemu vya kufanyia hesabu na maamuzi. Saketi ilitaka vyumba mia moja na sabini. Chipu kubwa zingechukua miezi miwili kufika.

Ambakisye alijifungia na mchoro siku tatu. Akagundua kwamba kila kitanda kimewekewa saa yake ya kutoa sekunde, wakati sekunde ni ile ile kwa wote. Akafuta saa saba, akaacha moja. Vyumba vikashuka hadi mia moja ishirini na moja.

Kwa hesabu vilitosha, lakini saketi ilipokatwa vipande viwili, nyaya za kuviunganisha zilizidi pini za chipu, ile miguu yake ya kuungia nyaya. Sekela akaipanga upya: vitanda vinne huku, vinne kule, saa na king'ora upande mmoja. Nyaya za kuvuka zikabaki tatu, na saketi ikaingia.

Taa nane za kijani zikawaka. Wenzake walishaanza kufunga maboksi Lusajo alipoomba siku moja zaidi. Tangu asubuhi hadi jioni aliigiza pumzi kwa puto, kitanda baada ya kitanda. Pumzi za kitanda cha saba zilipokoma, mara nyingine king'ora nacho kilinyamaza, kwa sababu ishara kutoka chipu ya pili ilichelewa kufika. Akaongeza chumba kimoja cha kuishikilia mpaka saa ipige tena. King'ora hakikukosea tena.

Siku ya nne wodini, king'ora kililia. Kitanda cha saba. Muuguzi akasugua unyayo wa mtoto, na mtoto akavuta pumzi.

Ndipo chuo kimoja kikatoa nafasi ya masomo, moja tu, kwa yule ambaye bila yeye kifaa kisingekuwapo. Mama Atupele akawaita wote watatu.

"Mama, bila mimi pasingekuwa na cha kugawa wala cha kujaribu," alisema Ambakisye.

Sekela akasema saketi isiyoingia kwenye chipu ni mchoro tu wa ukutani.

Lusajo akamalizia: "Wao wametengeneza kifaa. Mimi nimekifanya kiseme kweli."

Mama Atupele aliwatazama kwa fahari, akaona hakuna aliyedanganya. Fomu iko mezani kwake, ina nafasi ya jina moja, na inatakiwa chuoni kesho saa nne asubuhi.

Je, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani? Na wale wawili ungewaambia nini?