Cherehani ya Bonareri

Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Wazee waliotuachia methali hii walitumia neno jingine pale mwishoni, neno ambalo mwalimu mwenye heshima zake haliandiki ubaoni, lakini maana ni ile ile: anayejifunika kwa cha mwenzake ajue kuwa nguo ile ilikatwa kwa kipimo cha mwenzake. Bitutu binti Momanyi aliisoma methali hii chuoni, akaieleza kwa mwandiko mzuri, akapata alama zote. Kuijua kulimgharimu zaidi.

Alijiunga na chuo cha ualimu mjini Kisii mwaka wa 1955. Mabweni ya wasichana yalikuwa yamejaa, kwa hiyo alipanga chumba cha mbao nyuma ya duka la Mzee Mohamednoor. Alitoka kwao Sironga na sanduku la bati, Biblia, na cherehani ya mkono ya marehemu mama yake, Bonareri. Siku ya kuondoka, baba yake aliibeba cherehani ile kichwani, juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba, kutoka nyumbani hadi barabarani. Watu walitaka kumpokea, akakataa katakata.

"Mama yako alikusomesha kwa hii," alimwambia walipokuwa wakingoja lori. "Nayo ikufikishe mwisho. Ila kila likizo uje nayo. Niisikie."

Bitutu hakuhitaji kuelezwa. Cherehani ile ilikuwa na sauti yake: kra-kra-kra, kisha mkwaruzo mdogo kama wa mtu anayesafisha koo, kisha kra-kra-kra tena. Alikuwa amelala na kuamka na sauti hiyo tangu utotoni, mama akishona sare za watoto wa watu ili mtoto wake naye apate karo. Pale chuoni aliwashonea wenzake gauni akalipa kodi ya chumba. Lakini kuna jioni nyingine alizokuwa hana nguo ya kushona, akaketi tu akauzungusha mkono wa cherehani bila uzi, macho ameyafumba. Alikuwa na hamu kubwa na mama yake, na hiyo ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kumwita.

Mwezi wa Januari uliofuata, karani wa bima aitwaye Zachariah alifika kutoka Kisumu kuliandikisha duka la Mzee Mohamednoor. Alipomaliza kuhesabu mabati na marobota ya nguo, alipita uani akamkuta Bitutu akishona kizingitini.

"Mwalimu," alisema, "nawe nikuandike? Cherehani hiyo ikiungua, ungetaka ulipwe kiasi gani?"

Bitutu alishtuka kana kwamba ameulizwa bei ya mama yake. Kwao Sironga mtu hawahesabu ng'ombe wake kwa sauti, wala hakitaji chake pamoja na msiba akiwa bado anacho. "Kwetu hatusemi hivyo," alijibu. "Ukikitaja kitu na moto kwa pumzi moja, umekiitia moto."

"Moto hauna haja ya kuitwa, mwalimu."

"Basi Mzee si ameshalipia nyumba? Nami nimo ndani ya nyumba. Paa likizuia mvua, aliye chini yake hunyeshewa?"

Mama Luul, mke wa Mzee Mohamednoor, alicheka jikoni. Zachariah hakucheka. "Karatasi ya Mzee inazijua kuta zake na bidhaa zake," alisema. "Cherehani yako haiijui hata kwa sura. Shilingi nne kwa mwaka, nikuandikie karatasi yako."

"Lipa, mwanangu," Mama Luul alisema, akijitokeza na mwiko mkononi. "Shilingi nne ni gauni mbili tu. Mimi namtegemea Mungu, na mbuzi wangu bado namfunga kamba."

"Nitafikiri, mama," Bitutu alijibu kwa adabu. Tuseme kweli: hakufikiri. Aliinamia mshono wake, akajiambia, na hata akamwandikia baba yake, kwamba ana bahati kupanga kwa mtu mwenye bima ya moto.

Ilikuwa Sabato ya mwezi wa Machi. Bitutu aliufunga mlango wake kwa kufuli kubwa alilolinunua kwa ajili ya cherehani ile, akaufunga ufunguo kwenye ncha ya leso, akaenda kanisani. Jirani yake Ombati, kijana wa kuuza ndizi, aliliacha jiko la mafuta likiwaka akaenda kuteka maji. Jiko likalipuka. Watu wakaja mbio, wakatoa godoro la Ombati, magunia ya maharagwe ya Mama Luul, hata kuku aliyekuwa akiatamia wakamtoa pamoja na mayai yake. Mlangoni kwa Bitutu walikutana na kufuli. Waliligonga kwa mawe mpaka joto likawafukuza.

Bitutu alirudi na wimbo wa kanisa bado mdomoni. Aliingia majivuni kabla hayajapoa, akakuta gurudumu la chuma limepinda. Alijaribu kulizungusha. Halikusogea.

Wiki zile za mwanzo hakulia sana, na watu walimstaajabia. Siri yake ilikuwa moja: alimngoja Zachariah. Mama Luul alimpa pembe ya stoo yake alale, akamwazima cherehani yake mwenyewe, ile ya kukanyaga kwa miguu. Ilishona vizuri, lakini ilinguruma mfululizo bila kupumua, na Bitutu akifumba macho hakumwona mtu. Likizo ya Aprili alimwandikia baba yake kwamba ana kazi nyingi, haji. Kisha zikabaki wiki mbili kabla ya Idi, wakati mji mzima ulipotaka nguo mpya. Mama Luul akaja kuichukua cherehani yake, uso ameuinamisha.

"Usinione mbaya, mwanangu. Na mimi nina wateja."

"Ni yako, mama," Bitutu alisema, akatoa nguo aliyokuwa ameishona nusu.

Baada ya Idi Zachariah alifika na malipo. Bitutu alisimama kando mpaka Mzee Mohamednoor alipotia sahihi, ndipo akauliza, "Na mimi?"

Karani aliifungua karatasi akaisoma yote. Bitutu akamwomba aisome tena, akaisoma tena, polepole. Kuta zilikuwamo, mabati yalikuwamo, hata mizani ya sukari ilikuwamo. Jina la Bitutu halikuwamo.

"Mstari mmoja tu," Zachariah alisema kwa huzuni. "Laiti ungeniruhusu niandike mstari mmoja."

Mzee Mohamednoor alimsamehe kodi mpaka mwisho wa mwaka, maana alikuwa mtu mwenye huruma. Lakini huruma haina mkono wa kuzungusha.

Karibu na soko palikuwa na duka la mzee Yakub, na mlangoni pake ilisimama cherehani mpya ya mkono, ya aina ile ile. Siku moja Bitutu aliomba kuijaribu. Kra-kra-kra, mkwaruzo wa koo, kra-kra-kra. Bima ingemnunulia hii hii, na ingezungumza vile vile! Tangu siku hiyo alipita pale kila Ijumaa akitoka chuoni.

"Unanunua leo, binti?" Yakub alikuwa akiuliza.

"Bado, mzee. Nasikiliza tu."

Agosti, siku ya kufunga chuo, Momanyi alitokea uani kwa Mohamednoor bila kutarajiwa. Alikuwa amechoka kungoja. Mkononi alishika ngata mpya ya majani ya mgomba.

"Nimekuja kuibeba," alisema.

Bitutu alimshika mkono akamwongoza hadi dukani kwa Yakub, hata yeye mwenyewe hakujua kwa nini. Momanyi alipoiona cherehani ile, uso wake ulikunjuka. Aliushika mkono wa cherehani akauzungusha, akafumba macho, akausikiliza ule mkwaruzo wa koo.

"Ndiye," alisema taratibu. "Kwa nini umemweka kwa watu?"

"Tata," Bitutu alimwambia baba yake, "hii si yetu. Yetu iliungua."

Momanyi alifumbua macho. "Lakini uliniambia mwenye nyumba ameikinga nyumba na moto."

"Alikinga chake, tata. Mimi nilidhani nimo."

Baba alizungusha mara moja ya mwisho. Kisha aliuachia mkono ule, akaupangusa kwa pindo la koti lake, kama mtu anavyopangusa kitu cha wenyewe kabla ya kukirudisha. Akashukuru dukani, akatoka kushika njia ya Sironga na ngata yake mkononi, kichwa kitupu, binti yake akimfuata nyuma. Hakika, nguo ya kuazima haisitiri maungo.