Macho ya Anayebaki Ukingoni

Wapendwa, hebu mwekeni mbele yenu mwanamke mmoja, mama wa mtoto mchanga, ameolewa mbali, kwenye milima ya theluji. Siyo ile barafu tunayokwangua kwenye friza, hapana, theluji ya kumeza nyumba. Mtoto anapumua kwa shida, kifua kinalia, dawa imekwisha, na zahanati iko ng'ambo ya mteremko. Mumewe akasema, naenda. Yule mama akamfunga mtoto mgongoni, akavaa koti juu yake, akamsindikiza mpaka ukingoni mwa mteremko, na mama mkwe nyuma yao na beleshi begani.

"Tushikane mikono tuvuke wote," alisema yule mama. Mnajua woga unavyotaka kushika kitu.

"Ili tufe wote?" mama mkwe akamjibu. "Njoo uone."

Akachimba shimo kando ya njia. Yule mama, pamoja na hofu yake yote, akainama kuchungulia, maana kumbe theluji ina matabaka, kama blanketi zilizopangwa kabatini! La juu gumu, limeletwa na upepo wa usiku. Chini yake chenga tupu, kama sukari. Akapitisha kidole, zikamwagika.

"Lakini jana watu walipita, Mama. Nyayo si zile pale?"

"Waliopita jana walipita kabla ya huu mzigo wa juu. Leo umekalia sukari, ukikanyagwa unaweza kuporomoka wote."

"Sasa kwa nini yeye apite?"

"Kwa sababu mtoto hawezi kungoja. Na mmoja ni mwepesi kuliko watatu. Ila kwetu, mwanangu, anayebaki ana kazi yake: macho. Humwachi hata kidogo. Theluji ikimbeba, wewe ndiye unayejua alipo."

"Msinitazame sana, nitaona haya," mume akacheka, akaondoka.

Mume alipofika katikati ya mteremko, yule mama akaona hawezi tena kutazama. Akafanya nini? Wewe ungefanya nini? Akafumba macho, akaomba. Aliomba kwa machozi, aliomba kwa kila jina la Mungu alilolijua, na katikati ya maombi ukasikika mshindo, puu, kama gunia limedondoshwa ghalani. Alipofumbua macho mteremko ulikuwa mweupe mtupu. Mtu hayupo. Nyayo hazipo. Akakimbilia pale alipomwona mara ya mwisho, akaanza kufukua kwa mikono.

"Siyo huko! Imemshusha! Chini, kushoto kwa lile jiwe jeusi!"

Mama mkwe alikuwa tayari anateremka, beleshi mkononi, macho yameganda pale pale. Wakachimba wote wawili, ikatokea glavu, kikatokea kidevu, wakamsafisha mdomo. Hapumui. Halafu akakohoa.

Yule mama akaketi chini. "Mama, wewe hukuomba?"

"Nimeomba kukuzidi, ni mwanangu yule! Ila nani alikwambia Mungu anataka umfumbie macho mtu unayemwombea?"

Goti la mume lilikuwa limeteguka, na kifua cha mtoto bado kinalia. Mzigo wa juu ulikuwa umeshashuka, hakuna tena cha kuporomoka. Yule mama akamkabidhi bibi mtoto, akavuka mwenyewe kwenda kuleta dawa, midomo inaomba, na hakugeuka hata mara moja kuuliza kama anatazamwa.

Sasa sisi. Tunaomba, nani atakataa, tunaomba mpaka sauti zinakauka. Lakini binti anarudi kutoka shule siku ya tatu hasemi na mtu, sahani yake anaisukuma, na sisi tunafanya nini? Tunapiga magoti, tunafumba macho, tukinyanyuka tunasema tumemkabidhi kwa Mungu. Umemkabidhi, au umeogopa kumtazama? Maana kutazama kunauma jamani, ukitazama utaona theluji inavyoanza kupasuka, na ukishaona huwezi kukaa. Mwenye mtoto mdogo anajua ninachosema. Na siku theluji ikishuka tutakimbilia pale tulipomwona mara ya mwisho, kumbe ameshachukuliwa mbali, tufukue, tufukue, mahali ambapo hayupo.

Basi tusimame tuombe. Ila leo msifumbe macho. Mtazame aliye kando yako, mtazame hasa, usoni. Ukishamwona, ndipo uanze.