Madaftari Saba ya Jaji

Kuna watu ukiwabeba mgongoni ukawavusha mto mzima, wakifika ng'ambo wanakuuliza mbona ulikuwa unawatikisa. Tunaishi nao, tunawapigia makofi, na wengine tunabandika picha zao ukutani. Hadithi hii inamhusu mmoja wao, na inamhusu fundi cherehani aliyembeba kwa miaka kumi na tisa bila kuombwa na bila kulalamika. Atakayeona nimekasirika kupita kiasi na asome mpaka mwisho, kisha aniambie kama yeye angecheka.

Fundi huyo alikuwa mjane wa makamo, mwenye duka la ushonaji lenye mlango mmoja na cherehani mbili. Moja alishonea yeye, na ya pili alishonea wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke ambaye ulimi wake haukujua likizo. Mtaa mzima ulimwita fundi huyo Mama Habari. Si kwamba alikuwa mmbea. Mambo ya majirani hakuyajua wala hakuyataka. Habari zake zilikuwa za mtu mmoja tu, mwigizaji aliyeitwa Jaji kwa sababu ya tamthilia ndefu ambamo alivaa joho la hakimu na kuwafunga wakubwa bila kupepesa macho.

Mama Habari alimjua kabla hajawa Jaji wa mtu yeyote. Mara ya kwanza alimwona akipita kwenye runinga kwa sekunde tatu, amebeba sinia la glasi, hana hata neno moja la kusema. Watazamaji wengine walikuwa wakimlilia tajiri aliyekuwa anakata roho kitandani. Yeye alitazama koti la yule mbeba sinia, lililomzidi vipimo viwili, na namna alivyolivaa kana kwamba alizaliwa nalo.

"Huyu atafika," alimwambia wifi yake.

"Atafika wapi na sinia la watu?"

Siku hiyohiyo Mama Habari alinunua daftari. Kuanzia hapo, kila Jaji alipoonekana katika filamu, tamthilia au tangazo la sabuni, aliandika tarehe, jina la mhusika, maneno aliyosema na nguo alizovaa. Pembeni ya kila ukurasa alibandika kipande cha kitambaa kilichofanana na nguo ile, akikitafuta kwenye mabaki ya dukani hadi rangi ikubali. Daftari moja likazaa la pili, la pili likazaa la tatu, hata yakawa saba. Simu za kisasa zilipoingia, alifungua ukurasa mtandaoni akawa anatoa humo habari za Jaji: amepata kazi gani, filamu inatoka lini, uvumi upi ni wa kweli na upi ni wa kupuuzwa. Wafuasi wakafika elfu kumi na moja. Waandishi wa magazeti wenyewe walichungulia pale kabla ya kuandika, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kusema ahsante.

Kisha Jaji akapatwa na msiba wa kazi. Watengenezaji wa tamthilia yake walimfukuza, wakatangaza kwamba tarehe fulani alifika kazini amelewa chakari akavunja taa za kamera. Jina lake likawa jalala, kila apitaye anatupa lake. Marafiki zake waigizaji waliingia mitini. Mama Habari hakula vizuri siku mbili. Siku ya tatu alifungua daftari la sita, akapitisha kidole, akapiga kelele hadi wifi yake akajichoma sindano.

"Tarehe hiyo alikuwa mji mwingine! Alikuwa anazindua filamu, amevaa suti ya kijivu yenye mistari, picha zake ziko gazetini. Wifi, mtu hawezi kulewa sehemu mbili kwa siku moja!"

Aliweka ushahidi ule mtandaoni, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na kile kipande cha kitambaa cha kijivu. Wafuasi elfu kumi na moja wakausambaza kama moto wa nyasi kavu. Ndani ya wiki mbili watengenezaji walimeza maneno yao, wakasema palikuwa na "kutoelewana", na Jaji akarudi kwenye kiti chake cha hakimu. Hakuna aliyemtetea isipokuwa mwanamke mmoja mwenye futi ya kupimia nguo shingoni. Hilo naomba msomaji alishike vizuri.

Miezi michache baadaye, wakala wa Jaji akasimama mlangoni pa duka. Alikuwa kijana wa viatu vinavyong'aa, na maneno yake yaling'aa kuliko viatu. Alisema Jaji anaandika kitabu cha maisha yake. Alisema wamesikia juu ya madaftari. Alimvisha Mama Habari kilemba cha ukoka hadi mwanamke wa watu akasahau kuzima pasi.

"Mama, bila wewe Jaji si kitu. Yeye mwenyewe kasema. Tunayaazima mwezi mmoja tu, na jina lako litakuwa ukurasa wa kwanza, herufi kubwa."

"Kasema mwenyewe?" Mama Habari aliuliza.

"Kwa mdomo wake."

Wifi yake hakuinua macho kwenye mshono. "Yapige picha kwanza, wifi. Hata mtoto wa jirani akiazima mkasi unamwandika."

"Wewe nawe! Nimwekee Jaji ulinzi kama mwizi?"

Akayafunga madaftari saba kwa kitambaa cha hariri alichokuwa amejiwekea ashone gauni lake, akamkabidhi wakala kwa mikono miwili. Mwezi ukaisha, ukaja mwingine. Alipopiga simu aliambiwa asubiri. Alipopiga tena, haikupokelewa. Aliendelea kumtetea: mtu ana kazi nyingi, mtu yuko safarini, kitabu si shati.

Alasiri moja, wakiwa wanashona sare za shule, runinga ndogo ya dukani ikamleta Jaji akihojiwa juu ya kitabu kipya. Mtangazaji alishangaa jinsi kilivyojaa tarehe na rangi za nguo za miaka kumi na tisa. "Umeyakumbukaje yote haya?"

Jaji akagonga paji la uso kwa kidole. "Kichwani. Mimi sisahau kitu."

Cherehani ya Mama Habari ilisimama. Jaji akaendelea, sauti imeshuka, macho yana maji. Alisimulia kwamba utotoni alibeba magunia ya saruji ili apate ada, akaanguka, akavunjika mfupa wa mtulinga, na hadi leo bega lake la kushoto liko chini kwa vidole viwili. Mtangazaji alifuta machozi. Wifi naye, pamoja na ukali wake wote, alikuwa anavuta kamasi.

"Usilie," Mama Habari alisema. "Hayo maneno ni yangu."

"Yako vipi? Si ya maisha yake?"

"Niliyaandika mimi kwenye daftari la pili. Niliona makoti yake yanalala upande wa kushoto, nikawaza, huyu alivunjika mtulinga, labda alibeba saruji utotoni. Nikaandika *nadhani*. Baadaye nikagundua makoti ya waigizaji wote wa kampuni ile ya filamu yanalala kushoto. Fundi wao alikuwa hajui kuweka pedi za mabega! Nikajisahihisha kwenye daftari la nne."

Wifi alimkodolea macho. "Kwa hiyo masahihisho ya la nne hawakuyaona."

"Hawakuyaona. Na yeye analia kwa kosa la fundi wa koti."

Hasira ya mtu mpole huchelewa, lakini ikifika huja na mizigo yake yote. Hata hivyo, kilichomchoma Mama Habari hakikuwa uongo wa Jaji. Alitaka madaftari yake. Humo mlikuwa na miaka kumi na tisa ya jioni zake, na daftari la tatu lilikuwa na maandishi ya marehemu mumewe, aliyeandika badala yake wakati yeye Mama Habari amelazwa na homa. Hakuwa na maandishi mengine ya mume huyo popote duniani.

Jumamosi iliyofuata kitabu kilizinduliwa katika ukumbi wa sinema wa mji wao. Mama Habari alipanga foleni tangu asubuhi pamoja na wifi yake. Nakala za kitabu zilikuwa zimerundikwa mlangoni, akafungua moja ukurasa wa kwanza. Jaji alimshukuru wakala wake, kinyozi wake na mbwa wake. Herufi kubwa zilikuwa za jina la Jaji.

Alipofika mezani alisema kwa heshima, "Shikamoo, mheshimiwa. Mimi ndiye Mama Habari. Nimekuja kuchukua madaftari yangu."

Jaji alimtazama wakala. Wakala akajibu kwa macho makavu, "Yale makaratasi? Tulinakili tulichotaka. Yalitupwa tulipohama ofisi."

"Yalitupwa?"

"Mama, karatasi kuukuu na vitambaa. Hata panya wangeyakataa."

Mama Habari alishika ukingo wa meza. Nadhani hata wakati huo Jaji angesema "samahani" tu, neno moja la bure, mwanamke yule angemsamehe, maana ndivyo alivyokuwa. Jaji akachukua kipaza sauti. Alisimama, akatabasamu lile tabasamu lililouza sabuni nchi nzima, akauambia ukumbi, "Jamani, kila mji nina mwendawazimu wangu mmoja. Wa hapa ndiye huyu!"

Ukumbi ulicheka. Walicheka watu waliokuwa wakifuata ukurasa wake. Alicheka mwandishi wa gazeti aliyekuwa akiishi kwa habari zake. Wifi alianza kukunja mikono ya blauzi, lakini Mama Habari alimzuia.

"Sawa, baba. Basi mwendawazimu anaomba akupime, akushonee koti."

Watu walishangilia. Kamera zilisogea. Jaji, ambaye hakuwahi kuikimbia kamera, alivua koti akanyoosha mikono. Mama Habari alitoa futi shingoni. Alipima kutoka bega la kushoto hadi sakafuni, akamwita wifi yake asome namba kwenye kipaza sauti.

"Mia arobaini na tatu," wifi alisoma.

Akapima la kulia.

"Mia arobaini na tatu!"

Kicheko kilikatika. Wengi pale walikuwa wameshika kitabu, na sura ya pili, ile ya bega lililoshuka, waliijua.

"Mabega yako sawasawa," Mama Habari alisema, sasa machozi yakimtoka waziwazi. "Namshukuru Mungu, baba, hujavunjika popote. Mtulinga huo niliuvunja mimi, kwa kalamu, kwa kosa langu la ushonaji. Nilikubebea hadi maumivu ambayo hukuwahi kuyapata. Ukayachukua, ukayalilia mbele ya watu, kisha ukatupa maandishi ya mume wangu jalalani."

Mwandishi mmoja aliuliza gunia lile la saruji lilikuwa la nani, na mwaka gani. Jaji alifungua mdomo. Mtu aliyehukumu kesi mia mbili kwenye runinga hakupata hata nusu ya sentensi, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwandikia. Wakala alimshika mkono wakatokea mlango wa nyuma, koti limebaki kwenye kiti.

Mambo yakamwendea kombo. Maduka yalirudisha vitabu. Wafuasi elfu kumi na moja walimsubiri Mama Habari aseme lolote. Alishona sare zake, akalala mapema. Wiki ilipoisha, simu ikalia dukani. Wifi aliipokea, akaibonyeza ili sauti isikike hadi mlangoni. Alikuwa wakala.

"Mama Habari mpenzi! Jaji anakusalimu sana. Anasema wewe ni kama mama yake mzazi."

"Madaftari yamepatikana?"

"Aa, hayo tuyaache, mama, yamepita. Sasa hivi watu wanasubiri neno lako wewe. Wewe ndiye uliyemwokoa mara ile. Andika kitu kidogo kwenye ukurasa wako, watu wajue ni mtu wa aina gani. Hata maneno matano yatatosha."

Wifi aliziba kinywa kwa kitambaa asitukane. Mama Habari aliweka mkasi mezani.

"Maneno matano," alirudia.

"Matano tu, mama. Unajua kumwelezea kuliko mtu yeyote."

"Hilo ni kweli. Nitaandika sasa hivi."

Wakala alimshukuru mara tatu, akakata simu. Mama Habari akafuta mikono kwenye kanga, akafungua ukurasa wake, akawaandikia watu elfu kumi na moja:

Fadhila ya punda ni mateke.